Kwa nini fidla za kompyuta hulia kama kinanda, na namna ya kuzifanya ziimbe

Swali: "Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Igoma, Mwanza, na ndiye pia ninayetengeneza muziki wa nyimbo zetu kwenye kompyuta. Ninatumia maktaba ya ala za nyuzi (mkusanyiko wa rekodi za nota za ala halisi) niliyopewa na rafiki kwenye flashi. Nikishika nota tatu au nne ndefu kwa pamoja chini ya waimbaji, fidla zinasikika vizuri kabisa. Lakini nikizipa melodi, hasa kwenye utangulizi, zinalia kama kinanda cha zamani: kila nota inaanza upya, na kwenye nyimbo za mwendo wa haraka zinachelewa nyuma ya ngoma. Nimeongeza mwangwi, nimepanga nota zote kwenye gridi ya mapigo, nimebadilisha nguvu ya kubofya nota moja baada ya nyingine, na hakuna kilichosaidia. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, na kinanda changu ni kidogo cha vitufe 25, hakina gurudumu lolote pembeni. Prodyuza mmoja ameniambia kwamba bila maktaba ya GB 100 na zaidi ninapoteza muda. Je, ninunue, au nitafute mpiga fidla wa kweli?"

Ndugu mwalimu, kwa sasa usinunue chochote. Una matatizo mawili yanayofanana kwa nje lakini yenye sababu tofauti: nota zinazoanza upya, na nota zinazochelewa. Yote mawili hutibika, na ukubwa wa maktaba una sehemu ndogo sana katika tiba hiyo. Nakuomba uvumilie maelezo ya namna fidla inavyotoa sauti, kwa sababu bila kuyaelewa utaendelea kugeuza vitufe kwa kubahatisha.

Kwenye piano, nyundo hugonga uzi na kuuacha papo hapo. Kila uamuzi wa mpigaji kuhusu ukubwa na rangi ya sauti hufanyika katika kipande kidogo cha sekunde. Baada ya hapo sauti hufifia yenyewe, na mpigaji hawezi tena kuikuza. Mfumo wa MIDI, yaani lugha ambayo kinanda na kompyuta hutumia kupeana taarifa za nota, uliotoka mwaka 1983 kwa ushirikiano wa watengenezaji wa vinanda vya umeme, umerithi mawazo hayo: kila nota hubeba namba moja ya nguvu ya kubofya, kati ya 1 na 127, na kisha taarifa ya kuachia. Kwa piano hiyo inatosha. Kwa fidla, hapo ndipo kazi inapoanza.

Nywele za upinde, zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari, huushika uzi na kuuvuta, uzi ukaponyoka na kurudi, ukashikwa tena, na tendo hilo hujirudia mara mamia kwa sekunde; kwenye uzi wa la, mara 440. Mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mwendo huo katika karne ya 19. Kwa hiyo upinde unaendelea kuilisha nota nguvu tangu inapoanza mpaka inapokwisha, na muda wote huo mpigaji anaamua mambo matatu: mwendo wa upinde, uzito wa mkono, na mahali upinde unapogusa, karibu au mbali na daraja la fidla. Nota yake inaweza kuanza kama mnong'ono, ikakua, ikang'aa, ikapungua. Na inapokua, haiongezeki ukubwa tu. Inabadilika rangi, sauti za juu zilizofichika ndani yake zinajitokeza, ndiyo maana fidla inayopigwa kwa nguvu haifanani na fidla iliyopigwa kwa upole kisha ikapandishwa kwenye mixer. Mkono wa kushoto nao huongeza mtikisiko wa vibrato, takriban mara tano hadi saba kwa sekunde, na mara nyingi huanza baada ya nota kutulia kidogo.

Sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kwenda Ulaya kuliona jambo hili. Ukipata nafasi ya kumtazama mpiga orutu, ile ala ya Wajaluo yenye uzi mmoja na upinde inayosikika upande wa Rorya na ng'ambo ya mpaka huko Nyanza, usiangalie vidole vyake. Angalia mkono wa upinde. Hakuna nota ambayo mkono huo unaishika kwa uzito uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Nakushauri kwa dhati ufanye hivyo kabla ya kufungua tena kompyuta.

Hapo utaelewa kwa nini nota zako ndefu za pamoja zinapendeza na melodi haipendezi. Sauti nne zinapolala chini ya waimbaji, sikio la msikilizaji halifuati hata mmoja kati ya mistari hiyo. Melodi ikitoka peke yake, sikio huifuata kama linavyomfuata mtu anayeimba, na mtu anayeimba nota ya mapigo manne bila kubadilika hata kidogo hayupo.

Sasa tuje kwenye maktaba yako. Katika maktaba nyingi za ala za nyuzi, kila nota ndefu imerekodiwa mara kadhaa: ikipigwa kwa upole, kwa wastani, na kwa nguvu. Kinachochanganya rekodi hizo, kikikutoa taratibu kutoka laini kwenda kali, kwa kawaida ni kidhibiti namba 1 cha MIDI, ambacho kwenye vinanda vikubwa kimeunganishwa na gurudumu la pembeni. Nguvu ya kubofya, kwenye nota ndefu, mara nyingi haigusi ukubwa wa sauti kabisa. Imepewa kazi nyingine, kama kuamua kasi ya nota kuanza au aina ya muungano kati ya nota na nota. Hii ndiyo sababu ulihangaika na nguvu ya kubofya bila kupata kitu. Kinanda chako hakina gurudumu, kwa hiyo kidhibiti namba 1 hakijawahi kupokea amri yoyote, na maktaba imekuwa ikikupa safu moja ileile ya rekodi tangu siku ulipoifungua. Kidhibiti namba 11, kwa kawaida, hupandisha na kushusha ukubwa bila kubadili rangi. Kinafaa kwa marekebisho madogo, hasa mwisho wa sentensi, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya namba 1. Maktaba chache zimepangwa tofauti, hivyo soma ukurasa wa vidhibiti katika mwongozo wake.

Unaweza kukichora kidhibiti hicho kwa kipanya chini ya ukurasa wa nota. Inawezekana, ila michoro ya kipanya huwa imenyooka mno. Kuna programu za simu zinazotuma MIDI kwenye kompyuta, na kuna visanduku vidogo vya vitelezeshi kama nanoKONTROL2 ya Korg, chenye vitelezeshi vinane. Kama ipo fedha ya kutumia, ningeiweka hapo kabla ya kuiweka kwenye maktaba. Rekodi nota kwanza bila kujali hisia. Kisha urudishe wimbo mwanzo, iimbe melodi hiyo kwa sauti yako mwenyewe, na wakati unaimba telezesha kidole: sauti yako inapokua, panda; inapopungua, shuka. Wewe ni mwalimu wa kwaya, na katika hatua hii una faida kubwa kuliko maprodyuza wengi, maana unajua pumzi inaingia wapi na sentensi ya muziki inaelekea wapi.

Nitoe mfano. Tuseme melodi yako ni so ya chini, do, re, kisha mi ya mapigo manne, kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika. Anza so kidhibiti kikiwa karibu na 40, panda bila haraka ufike kama 60 kwenye re, mi ianze hapo hapo, ikue hadi 85 kwenye pigo lake la pili, halafu ishuke hadi 50 inapokaribia kuisha. Namba hizo ni za kuanzia tu. Maktaba yako inaweza kudai nyingine. Muhimu ni kwamba mstari mmoja wa mkunjo umepita juu ya nota zote nne. Wanaoanza huchora kilima kidogo juu ya kila nota, na matokeo yake ni melodi inayohema hema kama mgonjwa; panda na ushuke kwa kufuata sentensi.

Melodi inapotokana na maneno, fuata pia mkazo wa maneno hayo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kwenye "tunakushukuru" uzito unaangukia "ku" ya mwisho. Fidla zinazorudia mstari huo katika utangulizi zikiegemea nota hiyohiyo kidogo tu, waumini watausikia wimbo kabla kwaya haijafungua kinywa. Nota mbili au tatu zinazoimbwa kwenye silabi moja zipigwe kwa upinde mmoja, yaani zimeunganishwa. Silabi mpya inaweza kupata upinde mpya. Kanuni hii si sheria ya orkestra, lakini kwa muziki wa kwaya inafanya kazi vizuri ajabu.

Sasa tatizo la nota kuanza upya. Maktaba zilizotengenezwa kwa ajili ya melodi huwa na legato (muungano wa nota na nota) iliyorekodiwa: wapigaji walirekodiwa wakitoka so kwenda la, so kwenda ti, na kadhalika, na programu huchomeka kile kipande cha kuhama katikati ya nota zako. Ili ifanye hivyo, inahitaji kuona nota ya pili imeanza kabla ya ya kwanza haijaachiwa. Ukiacha mwanya hata mdogo, programu huamini umeinua upinde, na nota inaanza upya. Nashuku kwamba ulipopanga nota kwenye gridi, programu ilizikata pale hasa nota inayofuata inapoanza, au mapema kidogo, na ukaua legato yote kwa bofyo moja. Zivute mwisho wake zipitane kidogo na nota inayofuata. Hakikisha pia kwamba umefungua sauti yenye legato, si ile ya nota ndefu za kawaida. Kwamba melodi ina nota moja tu kwa wakati. Na kwamba hakuna alama za pedali zilizobaki, kwani pedali huchanganya nota na kuzifanya zilie pamoja kama akodiani.

Wala usiunganishe kila kitu. Upinde una mwisho, na mpigaji hulazimika kuugeuza. Mwishoni mwa kila sentensi ikate nota ya mwisho mapema kidogo, pale ambapo waimbaji wangevuta pumzi. Ukimya huo mdogo unasaidia kuliko plagini yoyote ninayoijua.

Kuhusu flashi ya rafiki, nitasema wazi. Maktaba zinazozunguka kwa kunakiliwa mara nyingi hufika zikiwa pungufu, na mafaili ya legato, ambayo ni mazito, ni miongoni mwa yanayokosekana. Nyingine huja na virusi. Zaidi ya hayo, ni kazi ya wanamuziki wenzetu waliokaa studio kuirekodi nota moja moja. Zipo za halali zisizo na gharama. VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios ni ya bure kwa matumizi yote, na BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio, iliyorekodiwa katika studio za Maida Vale huko London, inachukua takriban MB 200 tu, kiasi ambacho bando la kawaida linakimudu. Usitegemee legato iliyorekodiwa kwenye maktaba ndogo za namna hii. Zikikosa, pitanisha nota kidogo sana, lainisha mwanzo wa nota ya pili kama programu inaruhusu, na ushushe kidhibiti namba 11 kidogo pale nota zinapokutana. Haitakuwa sawa na legato halisi, lakini kwa kundi la fidla linalopiga pamoja na kwaya, inatosha.

Kuchelewa kwa nota ni jambo jingine kabisa. Kile kipande cha kuhama kutoka nota hadi nota kina urefu wake, na nota mpya haifiki mpaka kipande kiishe. Kulingana na maktaba, muda huo unaweza kuwa milisekunde 50, ukaweza pia kuzidi 300. Fanya hesabu: kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500, na legato ya milisekunde 250 itaichelewesha nota kwa nusu pigo zima. Ngoma zako ziko sahihi, gridi yako iko sahihi, na bado kila mtu anasikia fidla zimeachwa nyuma. Ziwahishe nota za legato, zianze kabla ya gridi kwa kiasi hicho. Programu nyingi zina sehemu ya kuwahisha treki nzima kwa milisekunde. Anza na hiyo, kisha rekebisha kwa sikio nota ya kwanza ya kila sentensi, ambayo haina kipande cha kuhama na hivyo huwa haichelewi kiasi kilekile. Mwongozo wa maktaba ukitaja namba, itumie. Usipotaja, weka nota pamoja na mlio wa metronomu na uisogeze mpaka visikike pamoja.

Kama wimbo ni wa haraka kweli, wa nota nyingi ndani ya pigo moja, achana na nota ndefu. Tumia rekodi za nota fupi, staccato au spiccato. Hizo ndizo zinazosikiliza nguvu ya kubofya, na hapo juhudi zako za zamani zitazaa matunda. Unaweza kuzibadilisha katikati ya wimbo kwa vitufe maalumu vilivyo chini kabisa ya kinanda, nje ya eneo la ala yenyewe. Kwa vitufe 25 utalazimika kushusha oktavu, au kuzichora.

Kuna kosa la upangaji ambalo hukulitaja lakini nalisikia karibu kila ninapopokea kazi za kwaya. Fidla haiwezi kushuka chini ya sol (G) iliyo chini ya do ya kati (C) ya piano. Melodi ikishuka zaidi ya hapo, wape viola, au selo, ndugu za fidla zenye sauti ya chini zaidi. Selo katika eneo la sauti ya tena (tenor) inaimba kwa uzuri unaonigusa kila mara, na inaiachia sauti ya kwanza nafasi yake. Fidla zikipiga sawasawa na sauti ya kwanza, kwa urefu uleule na maneno yaleyale, haziongezi kitu. Kumbuka pia kwamba sauti ya kundi tayari ina watu wengi. Orkestra kubwa huwa na fidla za kwanza kama 16. Ukibonyeza nota tatu kwenye sauti hiyo, umeajiri wapigaji 48. Gawa nota kati ya fidla za kwanza, za pili, viola na selo, kila moja kwenye treki yake.

Mwangwi uuweke mwisho, na uwe kidogo. Maktaba nyingi zimerekodiwa ndani ya ukumbi na zimebeba mwangwi wake.

Je, maktaba kubwa haina faida? Inayo. Ina safu nyingi zaidi za ukali, legato za kasi tofauti, na rekodi kadhaa za nota ileile ili zisijirudie kwa kufanana. Lakini bila mkono kwenye kidhibiti namba 1 itakupa kinanda cha gharama kubwa, na kwa RAM ya GB 8 utafungua sauti chache kabla kompyuta haijaanza kukwama. Kwa mashine uliyo nayo, maliza sehemu moja, igeuze kuwa faili la sauti, zima maktaba hiyo, kisha endelea na inayofuata. Nitakushauri kununua siku utakapoweza kusema kwa uhakika ni kitu gani hasa maktaba yako haikupi.

Mpiga fidla wa kweli ndiye jibu pale melodi inapokuwa ya fidla moja pekee. Kundi lina mahali pa kuficha udhaifu. Fidla moja haina, na sijasikia maktaba ya bei nafuu iliyonidanganya kwa muda wa wimbo mzima. Kwa utangulizi wa mpigaji mmoja, tafuta mtu. Kama humpati Mwanza, Zanzibar fidla zimo ndani ya taarabu kwa zaidi ya karne moja, na chuo cha Dhow Countries Music Academy kinazifundisha. Mpigaji wa huko anaweza kurekodi kwake na kukutumia faili. Njia ninayoipenda zaidi kwa kwaya yenye fedha kidogo ni ya kati: jenga kundi zima kwa rekodi za maktaba kama nilivyoeleza, halafu mlipe mpigaji mmoja arekodi melodi juu yake. Kuhama kwake na kugeuza upinde kwake kutaaminisha sikio kwamba kundi zima lipo.

Kuna hali mbili ambazo maandishi hayatakusaidia. Ya kwanza ni kama nota zinachelewa hata unapobofya piano ya kawaida ya programu. Hapo tatizo ni kadi ya sauti au mipangilio yake, na unahitaji fundi mitambo aione mashine yenyewe. Ya pili ni kama umekichora kidhibiti namba 1, umepitanisha nota, umeziwahisha, na bado hujui kwa nini haisikiki kama unavyotaka. Hapo kaa saa moja na mtu anayepiga ala ya upinde, hata kama ni zeze au orutu. Mpe melodi yako kwa sol-fa, mwombe aipige mara tatu, mrekodi kwa simu, na umuulize baada ya kila sentensi ni wapi amegeuza upinde na ni wapi ameongeza uzito. Andika majibu yake juu ya nota, kisha uyafuate unapochora.